Kutambua Sarafu Ndogo za Shaba za Roma ya Karne ya Nne: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mtu anayeshika kwa mara ya kwanza sarafu ndogo ya shaba ya Kirumi ya karne ya nne huanza kwa kuikodolea macho sura ya mtawala, akitumaini kumtambua kwa pua na kidevu chake. Kwa sarafu za Nero njia hiyo ingefaa, kwa sababu wachongaji wa karne ya kwanza walichora watu. Wale wa karne ya nne walichora cheo. Constantius II, Constans na Valens wote wamepewa jicho lile lile kubwa, shingo ile ile nene na utepe ule ule wa lulu kichwani, na sarafu ikishachakaa sura haisaidii tena kuwatenganisha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: unaanza na picha ya upande wa pili, unashuka kwenye herufi zilizo chini ya picha hiyo, na unafika kwenye jina la mtawala wakati majina yanayowezekana yamekwisha kupungua hadi mawili au matatu.

Sarafu zinazohusika ni zile zilizotengenezwa kuanzia mageuzi ya fedha ya Diocletianus, mnamo mwaka 294, hadi mageuzi ya Anastasius ya mwaka 498, yaliyoleta sarafu kubwa za shaba zenye herufi M ambazo huhesabiwa kuwa za Bizanti. Hata hivyo, zile zitakazokufikia mkononi kwa wingi ni za miaka ya 318 hadi 400 hivi. Zilikuwa chenji ya sokoni, zikitengenezwa katika viwanda vilivyotawanyika kuanzia London hadi Alexandria, na zilipoteza thamani haraka kiasi kwamba watu walizifukia kwa maelfu. Fungu la Seaton Down lililopatikana Devon, Uingereza, mwaka 2013 peke yake lilikuwa na sarafu 22,888. Ndiyo maana sarafu yenye umri wa miaka elfu moja na mia saba inaweza kuwa ya bei ndogo, na ndiyo maana anayejifunza hana sababu ya kuogopa kuanza nazo.

Katika maelezo yafuatayo nitasema "upande wa kichwa" na "upande wa picha". Aliyekulia na shilingi ya Tanzania ya mwaka 1966, yenye kichwa cha Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, hatahitaji maelezo zaidi.

Hatua ya kwanza: usiisugue

Kwetu sufuria na sinia za shaba husuguliwa kwa ndimu, ukwaju au majivu mpaka zing'ae. Kwa sarafu ya kale hilo ni kosa lisilorekebishika. Utando wa kijani, wa kahawia au mweusi unaoifunika sarafu umeundwa na shaba yenyewe kwa karne nyingi, na mara nyingi mistari ya herufi imebaki ndani ya utando huo, wala si katika shaba iliyo chini yake. Asidi ya ndimu au ya siki huuyeyusha utando, na herufi huondoka pamoja nao. Tumia maji yaliyokenekwa, uiloweke sarafu kwa siku au wiki kadhaa ukibadilisha maji, kisha utoe udongo kwa mswaki laini na kijiti cha kuchokolea meno. Ukiweza kuisoma huku udongo kidogo ungali umebaki, iache.

Kuna hali moja inayotaka hatua ya haraka. Ukiona unga wa kijani kibichi kilichofifia, unaochomoza kwa madoa na kurudi kila unapoufuta, hiyo ni kutu ya kloridi inayoila shaba kutoka ndani na kushamiri penye unyevu. Tenga sarafu hiyo na zenzake na uiweke mahali pakavu kabisa. Anayeishi Mombasa, Unguja au Muscat, ambako hewa ya baharini ina chumvi na unyevu, afunge sarafu zake katika chombo chenye vifuko vya kunyonya maji.

Hatua ya pili: pima, kisha washa taa ya pembeni

Pima kipenyo kwa milimita na uzito kwa gramu. Wataalamu hugawa sarafu hizi katika madaraja manne, yanayoandikwa AE kutokana na neno la Kilatini la shaba: AE1 ni zenye zaidi ya milimita 25, AE2 ni za 21 hadi 25, AE3 ni za 17 hadi 21, na AE4 ni zilizo chini ya 17. Mgawanyo huu ni wa watu wa leo, si wa Warumi wenyewe, lakini unafaa. Mwaka 294 sarafu ya kawaida ilikuwa na uzito wa gramu 10 hivi na ilipakwa fedha nyembamba juu. Kufikia mwaka 320 ilikuwa imeshuka hadi gramu 3 hivi. Kabla ya mwaka 341 ilikuwa imekaribia gramu moja na nusu. Mwaka 348 serikali ilileta sarafu kubwa upya, nayo ikaanza kupungua tena baada ya miaka michache tu. Kipimo peke yake, basi, hakikupi mwaka, lakini kitakusaidia sana kuamua kati ya miaka miwili inayobishaniwa.

Taa ndiyo chombo muhimu kuliko vyote, hata kuliko kioo cha kukuzia. Zima taa ya dari, weka taa moja ndogo pembeni ili mwanga upite juu ya uso wa sarafu kwa kulala, kisha uizungushe sarafu polepole. Herufi iliyofichika kabisa kwa mwanga wa juu hujitokeza kama kivuli cha alasiri. Jambo jingine la kukusaidia ni kwamba pande mbili za sarafu hizi kwa kawaida zimepangwa zikielekea upande mmoja au zikiwa zimepinduliwa kabisa. Ukishajua kichwa kinasimama wapi, picha ya nyuma yake itakuwa wima au kichwa chini, na ni nadra kuikuta imelala ubavu.

Hatua ya tatu: tambua picha

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Serikali ya Roma ilibadilisha picha za sarafu za shaba kwa amri, na viwanda vingi vilifuata amri hiyo kwa wakati mmoja, hivyo kila picha ina miaka yake. Aliyezikariri picha kumi za kawaida ataweza kuziweka sarafu nyingi katika muongo wake bila kusoma herufi hata moja. Kumbuka tu kwamba katika maandishi ya Kilatini ya wakati huo herufi U huandikwa V.

Ukiona mungu jua amesimama akiwa na taji la miale, ameinua mkono mmoja na kushika tufe kwa mwingine, pamoja na maneno SOLI INVICTO COMITI, uko katika muongo wa 310, wakati Constantinus I alikuwa bado hajaziondoa picha za miungu wa zamani. Mpinzani wake wa mashariki, Licinius, alipendelea Jupita na maneno IOVI CONSERVATORI. Lango la kambi lililojengwa kwa matofali, lenye minara miwili na nyota juu yake, ni la miaka ya 324 hadi 330 hivi, na maandishi yake yanafaa kusomwa kwa makini: PROVIDENTIAE AVGG ni ya Augusto, yaani mtawala mkuu, ilhali PROVIDENTIAE CAESS ni ya Makaisari, yaani watawala wadogo waliokuwa warithi. Kwa hiyo herufi za nyuma zinaweza kukutajia cheo cha mtu wa mbele hata kama jina lake limefutika.

Kuanzia mwaka 330 inakuja picha utakayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine yoyote: askari wawili wamesimama wakitazamana, kila mmoja na mkuki na ngao, na maneno GLORIA EXERCITVS. Hesabu bendera zilizo katikati yao. Zikiwa mbili, sarafu ni ya miaka ya 330 hadi 335. Ikiwa moja, ni ya 335 hadi 341 hivi. Bendera moja iliondolewa kwa sababu sarafu ilikuwa imepunguzwa na nafasi haikutosha. Sijui alama nyingine ya sarafu za kale ambayo ni rahisi kiasi hicho na yenye faida kubwa kiasi hicho.

Wakati huo huo zilitoka sarafu mbili zisizo na mtawala yeyote, nazo huwachanganya wengi. Moja ina kichwa chenye kofia ya chuma na maneno VRBS ROMA, na nyuma yake kuna mbwa mwitu jike anayenyonyesha watoto pacha, Romulus na Remus. Nyingine ina maneno CONSTANTINOPOLIS, na nyuma yake Viktoria, mungu wa kike wa ushindi mwenye mbawa, amesimama juu ya omo la merikebu. Usitafute jina la mfalme hapo. Ni majiji yenyewe, Roma ya zamani na mji mkuu mpya uliozinduliwa mwaka 330.

Miaka ya 347 na 348 ina Viktoria wawili wanaotazamana huku kila mmoja ameshika shada, hasa katika viwanda vya magharibi. Kisha, mwaka 348, yanaanza maneno FEL TEMP REPARATIO, yanayotangaza kwamba nyakati za heri zimerudi. Chini ya maneno hayo kuna picha kadhaa tofauti: mtawala akiwa ndani ya merikebu pamoja na Viktoria, ndege wa hadithi anayezaliwa upya kutoka motoni, askari anayemtoa mtu mdogo katika kibanda kilicho chini ya mti, na ile iliyozishinda zote kwa wingi, askari wa miguu akimchoma mkuki adui aliyeanguka pamoja na farasi wake. Picha hiyo ya mwisho ilitengenezwa kwa miaka mingi mno hata ukubwa unakuwa muhimu: za mwanzo ni za daraja la AE2, zile za miaka ya 350 ni AE3 na hata ndogo zaidi. Kama nyuma pana alama kubwa ya Kristo iliyojaza uso wote, ile inayounganisha herufi za Kigiriki khi na rho, na pembeni yake herufi alfa na omega, unaye Magnentius, aliyenyakua utawala wa magharibi mwaka 350 na kufa mwaka 353, au Decentius, aliyekuwa Kaisari wake. Fahali mkubwa aliyesimama chini ya nyota mbili ni wa Julianus, wa mwaka 361 hadi 363.

Baada ya mwaka 364 mambo yanakuwa mepesi kwa muda. Picha mbili zinatawala enzi za Valentinianus I, Valens na Gratianus: mtawala anayemburuta mateka huku ameshika bendera yenye alama ya Kristo, GLORIA ROMANORVM, na Viktoria anayetembea kuelekea kushoto na shada mkononi, SECVRITAS REIPVBLICAE. Mwisho wa karne zinabaki sarafu ndogo sana, za milimita 12 hadi 14, ambazo mara nyingi zina Viktoria anayemburuta mateka na maneno SALVS REIPVBLICAE. Hizi ni za Theodosius I, Valentinianus II na wana wawili wa Theodosius, yaani Arcadius na Honorius. Zilipigwa ovyo kiasi kwamba nusu ya maandishi ilikuwa nje ya sarafu tangu siku ya kwanza, na wakati mwingine utalazimika kuridhika na kuandika "mwisho wa karne ya nne".

Hatua ya nne: soma herufi zilizo chini ya mstari

Chini ya miguu ya watu waliochorwa kuna mstari, na chini ya mstari huo kuna herufi chache zinazotaja kiwanda. LON ni London, iliyofungwa mwaka 325 hivi. TR ni Trier nchini Ujerumani. LG au LVG ni Lyon. AQ ni Aquileia. R ni Roma. SIS ni Siscia, yaani Sisak ya leo nchini Kroatia. SIRM ni Sirmium nchini Serbia. Viwanda vingi vya mashariki hutanguliza SM, kifupi cha maneno ya Kilatini ya "fedha takatifu": SMTS ni Thessalonica, SMH ni Heraclea, SMN ni Nicomedia, SMK ni Cyzicus, SMANT au SMAN ni Antioch, na SMAL ni Alexandria, ambayo baadaye iliandikwa ALE.

Herufi moja iliyobaki, mbele au nyuma ya jina la kiwanda, hutaja karakana ndani ya kiwanda hicho. Magharibi walizoea P, S, T na Q, yaani ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kwa Kilatini. Mashariki walihesabu kwa herufi za Kigiriki, A, B, Γ, Δ na kuendelea. Hapa pana mtego mmoja unaowanasa hata waliozoea. Mji wa Arles nchini Ufaransa ulipewa jina jipya la Constantina, hivyo herufi CON zinaweza kuwa za Arles au za Constantinople. Tazama herufi ya karakana imekaa wapi: PCONST au SCON, yenye herufi ya Kilatini mbele, ni Arles; CONSA au CONSB, yenye herufi ya Kigiriki nyuma, ni Constantinople.

Hatua ya tano: sasa soma jina

Maandishi ya upande wa kichwa huanza chini kushoto na kuzunguka kama mshale wa saa. Mara nyingi huanza na D N, "bwana wetu", na kuishia na P F AVG, "mcha Mungu, mwenye heri, Augusto". Yakiishia NOB C au NOB CAES, mtu huyo ni Kaisari. Mavazi ya kichwani huunga mkono maneno: kuanzia miaka ya 324 na 325 utepe wa lulu au wa maua ulianza kuvaliwa na Augusto, ilhali Kaisari huonyeshwa akiwa na shada la majani au, katika miaka ya 350, akiwa kichwa wazi.

Tatizo kubwa la karne hii ni ukoo mmoja uliopeana majina yanayofanana: Constantinus, Constantius, Constans. Ukiona CONSTAN tu, bado hujajua lolote. Macho yaende kwenye herufi zinazofuata, TINVS, TIVS au S, na zikiwa zimefutika, urudi kwenye picha. Kwa mfano, sarafu yenye askari wawili na bendera moja ikiwa na MAX AVG ni ya Constantinus I, aliyefariki Mei 337. Ikiwa na IVN NOB C ni ya mwanawe, Constantinus II. Na yenye CONSTANTIVS NOB C lazima iwe ya kabla ya tarehe 9 Septemba 337, siku ambayo ndugu watatu walijitangaza kuwa Augusto. Vivyo hivyo, sarafu yenye FEL TEMP REPARATIO haiwezi kuwa ya Constantinus yeyote, kwa maana baba alikufa mwaka 337 na mwana mwaka 340, na maneno hayo yalianza mwaka 348. Wauzaji wengi huandika "Constantine" juu ya kila sarafu yenye CONST, kwa sababu jina hilo linauzika. Usiwaamini, amini kalenda.

Kuna sarafu chache zinazovunja mazoea, nazo zinafurahisha. Ukiona kichwa kilichofunikwa kwa kitambaa na maneno yanayoanza na DV, na nyuma gari la farasi wanne likipaa huku mkono ukinyooshwa kutoka mbinguni, hiyo ni kumbukumbu ya Constantinus I baada ya kufa kwake.

Hatua ya sita: shuku kidogo

Katika miaka ya 350 watu wa Uingereza na Gaul, yaani Ufaransa ya kale, walijitengenezea wenyewe nakala za sarafu ya mpanda farasi aliyeanguka, pengine kwa kukosa chenji. Utazijua kwa maandishi yasiyosomeka kabisa, farasi anayefanana na mdudu, na ukubwa ulio chini ya kawaida. Si bandia za kisasa. Ni za kale halali, na wengine huzikusanya hizo tu. Bandia za leo hujulikana kwa ukingo wenye mshono, vijishimo vidogo vya mapovu usoni, na sarafu mbili zenye kasoro ile ile mahali pale pale.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki na Ghuba kuna uwezekano mwingine. Ufalme wa Aksum, katika Ethiopia na Eritrea za leo, ulitengeneza sarafu zake za shaba katika karne hiyo hiyo, ndogo kama hizi, na tangu enzi ya mfalme Ezana zikaanza kubeba msalaba. Herufi za Kigiriki au za Kigeez zinazouzunguka msalaba uliokaa katikati zitakuonyesha kwamba hushiki kitu cha Roma. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa hazileti shaka: zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili na hazina kichwa cha mtu.

Hatua ya saba: thibitisha na uandike

Katalogi inayotumiwa kote ni Roman Imperial Coinage, hufupishwa RIC. Juzuu ya sita inahusu miaka ya 294 hadi 313, ya saba 313 hadi 337, ya nane 337 hadi 364, ya tisa 364 hadi 395, na ya kumi miaka iliyofuata. Ndani yake sarafu zimepangwa kwa viwanda, na hiyo ndiyo sababu tulisoma alama ya kiwanda kabla ya jina. Chama cha Marekani cha elimu ya sarafu, American Numismatic Society, kimeweka hazina ya OCRE katika intaneti bila malipo, nayo hukuruhusu kuchuja kwa mtawala, kiwanda na maneno.

Chukua mfano mmoja. Sarafu ina milimita 18 na gramu 2.3. Nyuma, chini ya taa ya pembeni, askari anamchoma mpanda farasi anayeanguka, na maneno yanayosomeka ni FEL TE tu. Yametosha, tuko baada ya mwaka 348. Kwa kuwa ni AE3, toleo la kwanza lililo kubwa linaondoka, na pamoja nalo anaondoka Constans, aliyeuawa mwaka 350. Chini ya mstari pana CONS, kisha herufi moja iliyoliwa na kutu. Herufi ya karakana iko nyuma, basi ni Constantinople. Upande wa kichwa pana TIVS P F AVG na utepe wa lulu. Constantius Gallus, aliyekuwa Kaisari mwaka 351 hadi 354, angekuwa kichwa wazi na angeandikwa NOB CAES, hivyo anayebaki ni Constantius II, na tunafungua juzuu ya nane, sura ya Constantinople.

Kwenye kadi andika: Constantius II, AE3, mm 18, g 2.3, FEL TE[MP REPARATIO], mpanda farasi anayeanguka, CONS[.], miaka ya 350, pamoja na mahali na siku ulipoipata. Herufi ulizoziona ziache nje ya mabano, ulizozikisia ziwe ndani, na kwa ile ya karakana weka nukta.